Fundi Lifti na Supu za Mkewe

Ndugu, jamaa na marafiki, mliotoka karibu na mliotoka mbali, familia inawashukuru kwa kuja. Huyu tunayemsindikiza leo alikuwa na jina zuri kwenye cheti, lakini mtaani mlimwita Fundi Lifti, na mwenyewe aliitika hivyo hata mbele ya mama mkwe wake. Kwa hiyo ndivyo atakavyoitwa hapa. Maneno haya yameandikwa na mdogo wake wa kike, ambaye alibishana naye maisha yao yote na sasa hajui abishane na nani.

Fundi Lifti alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958, wa kwanza kati ya watoto wawili wa mama mfua nguo na baba mlinzi wa ghala. Walikulia chumba kimoja chenye pazia katikati, watoto upande wa dirisha, wazazi upande wa mlango. Alikuwa mtoto mpole, ila haambiliki. Mama yao alizoea kusema kwamba mtoto huyu ukimtuma maji atakuletea, lakini kwa njia yake mwenyewe, na akifika utakuwa umeshakata kiu kwa jirani.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1973 na sekondari mwaka 1977. Hesabu alizipenda, insha zilimshinda. Mwalimu wake wa lugha alimuuliza kwa nini insha yake kuhusu likizo ilikuwa na mistari mitatu tu, naye akajibu kwa heshima zote kwamba likizo yenyewe ilikuwa fupi. Alichapwa kwa jibu hilo, na hakuongeza hata mstari mmoja. Mwaka uliofuata aliingia chuo cha ufundi, akasomea umeme, na mwaka 1980 akapata cheti chake.

Januari 1981 aliajiriwa na kampuni ya kufunga na kutengeneza lifti, akakaa huko mpaka alipostaafu mwaka 2018. Hata baada ya kustaafu waliendelea kumwita, maana majengo ya zamani yalikuwa na mashine ambazo vijana walizionea aibu. Kazini alisifika kwa jambo moja. Watu wakikwama ndani ya lifti, yeye alimwacha mwenzake apande chumba cha mashine, kisha mwenyewe akaketi kwenye ngazi, mdomo karibu na mlango, akapiga nao soga. Aliwauliza watoto wao wanasoma wapi, viatu walivyovaa vinawabana au la. Hakuwahi kumdanganya mtu kwamba mlango utafunguka sasa hivi.

Ndivyo alivyompata mkewe. Mwaka 1985 mpiga chapa wa ofisi ya wakili alikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, na Fundi Lifti akaanza soga zake. Sauti kutoka ndani ikamwomba atengeneze mashine aache maneno. Mlango ulipofunguliwa, binti yule alitoka, akanyoosha sketi yake, akasema lifti ni nzima, kibovu ni ulimi wa fundi. Kuanzia wiki hiyo lifti ya jengo lile ilikaguliwa kuliko lifti zote za mji. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Juni 1987, na mwaka 1990 wakajaliwa binti, mtoto wao pekee, ambaye leo ni msusi anayejulikana.

Februari 2019 mkewe alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, maneno yakapotea, na koo likawa halimezi kama zamani. Daktari alieleza kwamba chakula chake kiwe laini na kizito, kisicho na chembe, la sivyo kitampalia. Fundi Lifti alisikiliza yote akiwa amekunja kofia yake mkononi. Mpaka siku hiyo, jikoni alikuwa mgeni wa kuchemsha chai.

Binti yao alimnunulia sufuria ya umeme, ile inayopika polepole, unaipakia asubuhi na kuikuta tayari jioni, ili baba aweze kutoka kwenye shughuli zake bila kuacha moto. Siku ya kwanza aliweka boga, akawasha, akangoja ichemke. Haikuchemka. Akafunua kifuniko, akafunika, akafunua tena, na kila akifunua lile joto kidogo lililokusanyika linatoka. Mwishowe akaamua mashine ni mbovu. Akaichomoa, akaipindua, akaifungua kwa bisibisi, akakuta kila kitu kiko mahali pake. Alipoirudishia, skrubu moja ilibaki nje, na mpaka leo haijulikani ilitoka wapi. Binti yake akamwambia kwenye simu, huku akijizuia kucheka, kwamba haijaharibika, ndivyo inavyopika.

Alijifunza kwa shida. Maharage mekundu aliyatia bila kuyachemsha kwanza kwenye moto mkali, na bahati njema siku hiyo walioonja ni yeye na dada yake peke yao. Walishinda wakipishana mlango wa choo. Maziwa aliyatia mapema yakakatika. Maji alijaza kama anapika kwenye moto wa kawaida, akapata supu ya kuogea. Lakini mtu haambiliki, na mara hii ukaidi ulimfaa. Alifika mahali pa kujua kwamba mizizi migumu inakaa chini karibu na joto, nyama inakaa juu, maji yanafunika tu vitu vyake, maziwa yanaingia mwishoni, na kifuniko hakiguswi. Jioni alisaga, akachuja, akasaga tena. Dada yake aliiita sufuria ile Mke Mwenza, na mke mwenye nyumba, aliyekuwa hajacheka tangu augue, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kuna siku familia haitaisahau. Mgonjwa alikuwa amekaa majuma mengi bila neno linaloeleweka. Fundi Lifti alimlisha supu ya viazi na karoti, isiyo na chumvi kama daktari alivyoagiza, kijiko baada ya kijiko, akimpanguza kidevu. Mkewe akasogeza bakuli pembeni, akakusanya nguvu zake zote, akasema, "Chumvi." Fundi Lifti alitoka mbio mpaka kwa majirani, aproni kiunoni, akiwagongea milango kuwaambia kwamba mke wake amelalamika.

Tangu katikati ya mwaka 2023 pumzi za Fundi Lifti mwenyewe zilianza kukata. Alikuwa akipumzika kwenye kila kona ya ngazi na kusingizia kwamba anakagua kuta. Madaktari walikuta moyo wake umetanuka, wakataka alazwe. Aliomba wiki ijayo, na ilipofika akaomba nyingine. Dada yake alimfuata jikoni wakabishana. Alimwambia sufuria si bibi harusi, amfundishe binti yake, kisha aende akatibiwe. Fundi Lifti akasema binti ana haraka, hawezi kukaa na kitu kisichochemka. Halafu akaweka kisu chini.

"Kufa siogopi, mdogo wangu," alisema. "Ila mke wangu nani atamlisha?"

Dada yake alichukua kisu akasaidia kukata karoti, na kaka yake akazikata upya kwa sababu hazikulingana.

Jumatano, tarehe 13 Novemba 2024, asubuhi, Fundi Lifti alimwogesha mkewe, akamkalisha dirishani, akapakia sufuria karoti na dengu, akaenda kuangalia lifti ya jengo lililo mtaa wa pili. Alianguka kwenye ngazi. Fundi mwenzake alimshika mkono mpaka alipokata roho, kabla ya saa sita mchana. Dada yake na binti yake walipofika nyumbani kumpa mke habari, nyumba nzima ilinukia supu. Wote wawili walisimama mbele ya sufuria ile, na hakuna aliyeweza kuizima. Mume wa binti ndiye aliyeichomoa.

Fundi Lifti ameacha mke, binti mmoja, mkwe mmoja aliyempenda kama mwanawe, wajukuu wawili na dada mmoja.

Kijitabu mlichoshika kinaishia hapo, na sala ya kumwombea apumzike, kwa sababu kilichapwa jana asubuhi. Haya yanayofuata hayamo. Dada yake ameyaandika leo kabla ya kuja hapa, na anaomba mmvumilie.

Tangu Jumatano mke wa Fundi Lifti alifunga mdomo. Aliletewa uji, aliletewa mtindi, majirani walipika kila mtu kwa ujuzi wake, na yeye aligeukia ukuta. Alipelekewa ile supu ya karoti na dengu, ya mwisho ya mumewe. Aliinusa tu, machozi yakamtoka, akasukuma bakuli. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuila na hakuna aliyethubutu kuitupa. Jana ilikuwa imechacha. Dada yake aliimwaga nyuma ya nyumba kwa mkono wake, akaiosha sufuria, na anawaambieni wazi kwamba hajawahi kufanya kazi nzito kama hiyo.

Ndipo yule binti mwenye haraka akamenya boga. Hakuna aliyemtuma. Alilipanga sufuriani, akafunika, akawasha, akavuta kigoda akaketi mbele yake. Watu waliingia na kutoka, simu zikalia, wa maua wakauliza, wa viti wakauliza, yeye hakusogea wala hakufunua. Jioni alisaga, akachuja, akampelekea mama yake.

Mama aliliangalia bakuli, kisha akamwangalia mwanawe. Maneno yake ni machache na hutoka mojamoja.

"Wewe," alisema. "Umekula?"

Sisi tuliokuwa chumbani tuliangaliana kwa aibu, kwa sababu tangu Jumatano tulikuwa tukimbembeleza mama, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza mtoto. Hakuwa amekula kitu.

Mama alichukua kijiko kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima. Nusu ya supu ilimwagika kwenye shuka. Iliyobaki aliitia mdomoni mwa mwanawe. Binti alimeza huku akilia. Kisha mama akamrudishia kijiko, akafungua mdomo wake mwenyewe. Waliendelea hivyo, huyu akimlisha huyu, mpaka bakuli likaisha.

Kwa hiyo ile sala iliyochapwa ukurasa wa mwisho dada yake haisomi. Anataka kumwambia mwenyewe.

Kaka, mkeo amekula jana, na asubuhi ya leo amekula tena. Binti yako amekula naye. Pumzika sasa.