Jambo la Sita la Bi Mwanamkasi

Wasikilizaji wapendwa, kama mko kazini endeleeni na kazi zenu, masikio tu nipeni mimi. Leo nina sauti ya mtu aliyetoka mazikoni. Jana tumemzika hapa Tanga, mtaa wa Mabawa, Mwalimu Mwanamkasi binti Hatibu. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Mwalimu Mwanamkasi binti Hatibu, wa Mabawa, ametutoka.

Wengi wenu jina hili hamlijui. Sishangai. Miaka mingi nimekaa kwenye kiti hiki nikiwakumbuka watu, na kila nikimtaja aliyefanya kazi ya kuchosha, naulizwa, "Huyo naye ni nani?" Nimechoka kuulizwa. Lakini nitajibu.

Alikuwa mwalimu. Alianza kufundisha mwaka 1952, shule ya wasichana, darasa la pili na la tatu. Na zaidi ya hapo, alikuwa mtu aliyewafundisha walimu wenzake namna ya kusema na wakubwa. Hiyo ya pili ndiyo iliyonileta kwenu leo.

Turudi mwanzoni mwa 1956. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na vyama vya siasa. Mwalimu akionekana kwenye mkutano wa siasa, kesho yake anatafuta kazi nyingine. Mlango uliobaki ulikuwa mmoja, chama cha walimu wa huku kwetu pwani. Chama kiliruhusiwa kupeleka maombi yake kwa wakubwa, kwa adabu, kwa maneno machache. Na mwaka huo kilipata bahati. Bwana Esmailji, mfanyabiashara wa mjini na mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alikubali kuja kuwasikiliza walimu kabla ya kwenda barazani Dar es Salaam. Aliwapa saa moja. Saa moja tu, wasikilizaji wapendwa.

Katibu wa chama alikuwa Mwalimu Abrahamu, mtu wa Muheza, mpole, mwenye heshima nyingi mpaka zinazidi. Kamati yake ikaandika mambo sita ya kumweleza mgeni. Nyumba za walimu, uhamisho wa ghafla, likizo, vitabu, madarasa ya juu. Hayo matano. La sita, la mwisho kabisa, lilikuwa la walimu wanawake. Kanuni iliyowabana ilikuwa hivi: mwalimu mwanamke akiolewa, ajira yake imekwisha. Anafunga ndoa Alhamisi, Jumatatu hana darasa.

Na Bi Mwanamkasi alikuwa na posa nyumbani.

Mchumba alikuwa Msafiri, karani wa bandarini, kijana aliyependwa na wazee wa pande zote mbili. Posa ilikuwa imekaa mwaka mzima bila jibu. Mdogo wa marehemu, Bi Mboni, aliniambia jana tukiwa tumekaa mkekani: "Mama yetu, Bi Mwamvua, alikuwa keshachoka. Akamwambia, weye Mwanamkasi, watu wameleta posa, hawakuleta barua ya kuwekwa kabatini. Mfungo Mosi ukiandama, nataka jibu. Dada akasema, mama, niache nimalize jambo moja na chama."

Jambo moja na chama. Hilo la sita. Baraza likiibeba hoja yake, ataolewa na kesho yake ataingia darasani. Lisipoibeba, achague moja. Na Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, haukuwa mbali.

Sasa, kamati ilikuwa na wanaume tisa na yeye peke yake. Lakini kwenye mazoezi, hakuna aliyemfikia. Kila Jumamosi baada ya alasiri aliwakusanya wasemaji katika darasa moja hapa shule ya Usagara. Yeye alikaa kwenye kiti, akajifanya ndiye mheshimiwa. Mmoja mmoja walisimama mbele yake wakasema hoja zao. Kwanza aliwanyang'anya chaki. Alisimama mlangoni kama askari wa forodha, kiganja wazi: "Chaki hapa, Mwalimu. Hukuja kufundisha." Halafu akawa anatazama dari, anajikuna sikio, anapiga miayo makusudi.

Mwalimu Uweso, aliyepewa hoja ya nyumba, alikasirika. "Bi Mwanamkasi, unanidharau mbele za watu!"

"Sikudharau, Mwalimu. Mheshimiwa atapiga miayo. Zoea kwangu kabla ya kuzoea kwake."

Na alikuwa na kengele. Ile kengele ndogo ya mkono ya shuleni. Dakika tano zikifika, anaigonga, na msemaji ananyamaza hapo hapo, hata kama neno liko nusu mdomoni. Maana aliwajua wenzake. Mwalimu wa miaka ile, wasikilizaji wapendwa, hakuwa na saa mkononi. Aliyemwanzisha ni kengele, na aliyemnyamazisha ni kengele. Bila kengele, mwalimu anaendelea. Dakika tano kila hoja, dakika tano maswali ya mgeni. Mambo sita, saa moja. Alikubali hoja yake iwe ya mwisho kwa sababu hesabu ilitimia.

Aliweka na sharti moja jingine. Alilirudia kila Jumamosi. Hakuna kumfuata mgeni kwenye gari. Kikao kikiisha, kimeisha. Miaka ya nyuma, kila mkubwa akija, walimu walimzonga mlangoni. Huyu anaombea shemeji yake kazi, yule anaomba ahamishiwe kwao. Wakubwa wakaondoka wakisema walimu hawana hoja, wana shida zao tu. "Tukimfuata kwenye gari," alisema, "hata yale tuliyoyasema ndani yatageuka ombaomba."

Ikafika siku. Jumamosi, Februari 1956. Bwana Esmailji akaingia saa tano unusu, akasema wazi kwamba adhana ya adhuhuri ikilia atanyanyuka. Bi Mwanamkasi akatazama mezani. Kengele haipo. Mwalimu Abrahamu alikuwa ameifungia kabatini. Alimnong'oneza: "Mwalimu, mheshimiwa hagongewi kengele. Ni utovu wa adabu."

Mnaona ilivyo? Heshima. Heshima zetu hizi zimetuchelewesha mara ngapi, jamani? Niseme tu, nina hasira nazo mpaka leo, na sikuwepo.

Akaanza Uweso. Dakika tano zikapita. Kumi zikapita. Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa chaki. Akageukia ubao, akachora nyumba, akachora na choo chake. Halafu, kwa mazoea tu ya miaka kumi na minne, akamgeukia mgeni: "Haya. Nyumba moja wanakaa walimu wangapi?"

Bwana Esmailji, mtu muungwana, akajibu, "Watatu."

"Vizuri sana. Sema kwa sauti."

Waliokuwepo wanasema hata Bwana Esmailji alicheka. Bi Mwanamkasi hakucheka. Uweso alichukua dakika ishirini na tano. Wa uhamisho alichukua kumi na tano. Wa likizo akataka kufanya marudio ya yaliyosemwa na wenzake. Wa vitabu na wa madarasa wakagawana kilichobaki. Na adhana ikalia.

Mgeni akanyanyuka, akashukuru, akatoka. Jambo la sita halikusemwa. Narudia: halikusemwa.

Mwalimu Abrahamu alipoona kosa lake, alikwenda kwa Bi Mwanamkasi. Haya nimeyapata kwake mwenyewe, kabla naye hajatangulia. Gari lilikuwa bado limesimama pale nje, dereva anafungua mlango. Abrahamu akamwambia, "Mfuate, Mwalimu! Nisamehe, mfuate. Maneno mawili tu."

Bi Mwanamkasi alikuwa na karatasi yake mkononi. Akasema, "Kila mtu hapa anajua nina posa nyumbani. Nikimfuata, nitakuwa nimemwombea Mwanamkasi. Walimu wenzangu watasemewa na nani?" Akaikunja karatasi. Gari likaondoka.

Baraza likakaa na kumalizika bila hoja ile kutajwa. Mfungo Mosi ukaandama. Mzee Msafiri, mumewe, yu hai, na Mungu amtie nguvu. Jana aliniambia: "Mimi nilimwambia nitangoja hata miaka mitano. Wazee ndio walioshindwa kungoja, na sikuwalaumu. Wiki ya harusi alikuwa anasahihisha madaftari, mikono ina hina. Akasema hataki kuyaacha na makosa ya watu ndani." Jumatatu baada ya harusi, darasa la tatu lilikuwa na mwalimu mwingine.

Ungedhani basi, imekwisha. Hakuwa mwalimu tena, hata uanachama wake ulikoma. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa Usagara, mlangoni, kiganja wazi, anakusanya chaki. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, mwaka wa tatu. Kengele ikarudi mezani, na Mwalimu Abrahamu mwenyewe ndiye aliyeigonga mbele ya wakubwa. Safari hii jambo la wanawake lilitangulizwa mbele ya mengine yote.

Mwanzoni mwa 1959 barua ya serikali ikaja. Mwalimu mwanamke akiolewa, abaki kazini. Iliwahusu walio kazini siku ile. Waliokwisha kuondoka, hapana. Mwalimu Abrahamu aliona haya kuisoma mbele ya walimu, akampa yeye. Bi Mboni alikuwepo: "Dada alisimama na mwanawe mgongoni. Akaisoma yote, mpaka pale pa waliokwisha kuondoka. Hakuruka neno. Akauliza, nani kati yenu ana posa nyumbani? Mikono minne ikanyooshwa. Akasema, basi nendeni mkajibu."

Wasikilizaji wapendwa, mmoja wa wale wanne alinifundisha mimi kusoma. Alikuwa na pete kidoleni na mimba ya miezi saba, na alikuwa darasani.

Mzee Msafiri, Bi Mboni, watoto na wajukuu wa Mabawa, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu, ampumzishe, maana huyu alichoka kwelikweli. Nanyi mlio kwenye vyama, kamati na mabaraza, kesho mtakaa tena kuandika mambo yenu moja mpaka sita. Kabla hamjaandika la kwanza, ulizaneni ni nani pale mezani asiyeweza kungoja mwaka mwingine.