Ute wa Mwani Uliokataa Kuganda

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Tahiya Kheir, mkemia wa Mtoni, aliyetutoka Ijumaa iliyopita. Mzaliwa wa Michenzani. Ndiye aliyetengeneza, kwa ute wa mwani wetu, utando laini wa kufunikia vidonda vya moto.

Dada yake, Bi Salhiya, anasema: "Toka mdogo haamini mtu. Umwambie chai ina sukari, ataionja kwanza."

Ute ule una nyuzi ndogo mno, hazionekani kwa macho. Ukiwa moto, zinaelea ovyo. Ukipoa, zinashikana zenyewe. Naam, zenyewe, hakuna anayezifunga. Ndivyo ute unavyoganda.

Mwaka juzi mambo yakaharibika. Ute wa asubuhi unaganda. Wa mchana unabaki rojorojo. Na mchana ndiyo zamu ya Zulfikar, mwenzake wa maabara.

Bi Tahiya akamshuku. Akawa anachungulia dirishani. Akabadilisha kufuli. Hatimaye akamuuliza mbele ya watu: "Umetia nini humu?"

"Sikutia kitu, Bi Tahiya. Wallahi."

Hakumwamini. Akamhamishia chumba kingine. Ute wa mchana ukabaki rojorojo vilevile.

Basi akakaa mwenyewe kuulinda. Akaona maji ndani ya glasi yake yanatetemeka. Nyuma ya ukuta kulikuwa na pampu ya maji, inayowashwa mchana tu, na meza imegusana na ukuta. Akaweka sinia moja ya ute juu ya godoro la sifongo, nyingine akaiacha mezani. Ya godoroni ikaganda. Ya mezani haikuganda. Mtikisiko ulikuwa unazitawanya nyuzi kabla hazijashikana barabara.

Baadaye akaijua na faida ya kuusogeza ute kabla haujaganda. Ute unapopoa, akiuvuta polepole upande mmoja, nyuzi hulala upande huo, na utando unakuwa mgumu kukatika ukiuvuta upande huohuo.

Akamwendea Zulfikar, akamtaka radhi. Zulfikar ametuambia: "Nilimsamehe. Tulifanya kazi pamoja mpaka alipougua. Lakini kila akiingia ghafla, nilikuwa naiweka mikono yangu juu ya meza, aione."

Bi Salhiya na jamaa wote, poleni sana. Mola amrehemu. Nawe unayetusikiliza, yupo unayemtazama kwa jicho la pembeni. Umeshamuuliza, au umeshamhukumu?