Madirisha ya Ukumbi Mpya wa Gundi

Mgeni rasmi, Ato Fikremariam, mwana wa mtaa huu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mzee Gashe Tesema. Wazee, na ninyi majirani mliofika na watoto wenu, amani iwe kwenu.

KARIBU NYUMBANI

Tunakuita mgeni kwa heshima tu. Ulizaliwa hapa Genet Sefer, na kabla hujawa mfanyabiashara ulikuwa ukiwapigia watu viatu rangi pale kona ya kanisa. Leo umerudi kufungua ukumbi wa kupakia gundi uliotujengea kwa fedha zako. Tumeusugua, tumetandaza majani mabichi sakafuni, na Jumatatu tunahamia. Sijui karakana nyingine ya viatu hapa Addis Ababa yenye ukumbi kama huu. Kama ipo, waje tushindane.

TULIKOTOKA

Ushirika wetu ulianza na wanawake wachache na cherehani ya kuazima. Waliosema mwanamke hana nguvu ya kuvuta ngozi kwenye kalibu ya kiatu, leo wanavaa viatu vyetu kwenda harusini. Vinauzwa sokoni Merkato, vinafika hadi Dire Dawa, na hakijarudi hata kimoja kimeachia soli. Siri yake ni mkono unaopaka gundi. Mkono wa kwanza ni wa Etiye Asegedech, dada yetu mkubwa, yule aliyekaa mbele na fimbo yake. Karibu sote hapa ametufundisha yeye.

YALIYOTUPATA

Mgeni rasmi, wewe ni mwenzetu, unajua tunavyouogopa upepo. Mama zetu walituambia upepo wa dirishani ukikupata mgongoni unakuletea homa na kukupinda uso. Hata ndani ya basi tukiwa tunaiva kwa joto, anayefungua dirisha anazomewa. Basi chumba cha zamani cha gundi tulikifunga wenyewe. Nyufa tuliziba kwa matambara. Makopo yalikaa wazi kutwa, brashi ndani yake. Vichwa vikituuma tulisema upepo umepenya mahali, tukatafuta tundu tukaliziba.

Jioni moja Etiye Asegedech alitoka getini na kandambili mguu mmoja. Nyingine imebaki matopeni, naye anakwenda zake.

"Etiye!" mwenzetu Gete akamwita. "Fundi viatu na peku wapi na wapi? Unatuharibia biashara!"

"Nyamaza wewe, ninazo zote mbili."

"Hebu tazama chini."

Akatazama. Tulicheka sana, mpaka tulipoona mwenzetu hacheki. "Sikusikia ikivuka," akasema. "Na hii niliyoivaa siisikii vilevile."

Hapo tukaanza kuangaliana. Kumbe mmoja hawezi kufunga kifungo cha mtoto. Mwingine sindano imemdondoka, vidole bado vinashona hewa. Mwingine katumwa chumvi, kafika dukani kasimama tu, hajui katumwa nini. Tukaenda hospitali, na daktari wa mishipa ya fahamu alitueleza kwa lugha yetu, naye hakutucheka. Ile harufu ya gundi ni dawa ya kiwandani inayopanda hewani. Unaivuta puani, inaingia kwenye damu, halafu inakula mishipa ya fahamu kidogo kidogo. Inaanza na ile mirefu kuliko yote, inayofika vidole vya miguu, kisha inakuja mikononi. Mtandio wa netela tuliojifunga puani hauzuii kitu. Kinachosaidia ni hewa kupita. Tulichokuwa tukikifukuza ndicho tulichokihitaji.

TUNAYOJIVUNIA

Hatukungoja mtu. Siku ile ile tulitoa matambara, tukahamishia gundi uani chini ya mabati. Kila kopo likapata kifuniko. Bibi zetu walisema tutakufa kwa upepo. Tuko hapa tunawasomea risala. Hatukupoteza oda hata moja.

Etiye alipumzishwa gundi, akawa mkaguzi. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hata ukiacha, miguu huzidi kufa ganzi kwanza ndipo ianze kurudi, tena polepole. Ikazidi kweli, akashika fimbo. Tukasubiri. Juzi juzi, wakati wa mfungo, akakanyaga msumari wa viatu.

"Imeuma!" akapiga kelele. "Njooni, imeniuma!"

"Pole, Etiye."

"Pole ya nini? Pigeni vigelegele!"

Tukavipiga. Jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani anaolewa. "Mguu wa Etiye!" Gete akamjibu.

Kati ya mambo yote tuliyofanya, hili ndilo tunalojivunia zaidi.

OMBI LETU

Mvua kubwa zinakaribia, na mabati ya uani hayatatufaa. Lazima gundi iingie ukumbini. Na madirisha ya ukumbi huu mzuri ni vioo vilivyojengewa, hayafunguki hata moja.

Tunajua kwa nini. Tulikusikia ukimwambia mwashi, "Dada zangu wasipigwe na upepo." Ulituonea huruma, nasi kabla ya ile kandambili tungeagiza hivyo hivyo. Ndiyo maana tulibishana sana kuhusu ukurasa huu. Gashe Tesema alisema, "Mtu kakupa nyumba, unamtajia kasoro yake mbele ya watu?" Etiye Asegedech akamjibu, "Gashe, aibu nitaibeba mimi. Mguu ukifa tena, sitaubeba."

Kwa hiyo tunakuomba, ndugu yetu: vioo vya upande wa chini vitolewe, viwekwe vya kufunguka, na ukuta wa nyuma upate feni ya kutoa hewa. Gharama ya feni tumekubaliana kuikata kwenye mauzo yetu. Mwashi yupo, ameturidhia kuanza leo. Bila neno lako hatagusa ukuta, kwa kuwa ukumbi ni zawadi yako.

Mbele yako Gete ameshika sinia. Juu yake kuna mkasi wa kukatia utepe, na kuna nyundo ya mwashi. Tunakuomba, kwa heshima zote, uanze na nyundo.

Mungu akuzidishie pale ulipotoa, awape wanao miguu inayosikia ardhi, na kila utakapokwenda uwe umevaa viatu vyetu.

Ni sisi dada zako,
Ushirika wa Wanawake Washona Viatu, Genet Sefer.
Imesomwa na Simegn Tarekegn, mpakaji gundi.