Eufrasia Colín na Shamba Lililoachwa Lioze

Ndugu, jamaa na majirani wa San Marcial del Monte, familia imenituma niwasomee maisha ya marehemu, naye mwenyewe aliagiza kabla hajafa kwamba yasipakwe sukari.

Daktari Eufrasia Colín Arizmendi alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapa kijijini, mtoto wa kwanza wa wakulima wa viazi don Casimiro na doña Brígida, akifuatiwa na mdogo wake wa pekee, Hilarión, ambaye yeye dada mtu alikuwa akimbeba mgongoni wakati mama yao alipokuwa shambani. Marehemu alisoma shule ya msingi kwa masista mjini Toluca, akaendelea na sekondari hukohuko, na mwezi Novemba 1964 akahitimu chuo cha kilimo, mwanamke pekee darasani.

Tarehe 1 Februari 1965 aliajiriwa katika kituo cha utafiti wa viazi bondeni, ambako maisha yake yote aliinamia hadubini akichunguza jinsi jani linavyopigana na ule ugonjwa unaogeuza mashamba yetu kuwa meusi kila msimu wa mvua, akatufundisha kwamba seli ya kiazi chenye kinga humtambua adui akigusa tu ukuta wake, huunenepesha ukuta huo, kisha hujimwagia sumu ikafa yenyewe, na kwa kuwa kimelea kinacholeta ugonjwa huo huanza kwa kula seli zilizo hai, hujikuta kimezungukwa na maiti, kikafa njaa.

Tarehe 9 Mei 1970 alifunga ndoa na mwalimu Leandro Vilchis, hawakujaliwa mtoto, na mwaka 1979 Leandro akahamia Monterrey akisema amechoka kula na mtu anayezungumza na majani, marehemu akamjibu mlangoni, "Majani angalau yanajua nani wa kumfungia nje."

Mwaka 1983 alimwomba Hilarión shamba lake lote, akapanda humo miche yake mipya iliyochanganywa na viazi vya porini, na mwezi Julai ugonjwa ulipoingia, Hilarión alifika na bomba la dawa mgongoni akamkuta dada yake amesimama njiani.

"Ukipulizia leo, sitajua mche gani umejilinda wenyewe," marehemu alisema.

"Dada, hilo ndilo shamba langu pekee! Wanangu watakula nini, hadubini yako?"

"Watakula mahindi ya jirani. Hawatakuwa wa kwanza."

Akamvua bomba begani kama alivyokuwa akimvua shati utotoni, akalifungia ndani ya gari la kituo, na Hilarión, ambaye hakuwahi kumshinda dada yake kwa lolote, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Shamba lilioza hadi harufu ikafika kanisani, ikabaki miche mitatu tu ya kijani, yenye vidoa vikavu vidogo mahali ambapo seli zilikuwa zimejiua, na marehemu alipiga magoti kwenye uozo ule akicheka kwa furaha, akamwita mdogo wake aje aone, naye Hilarión akaja na jembe, akafyeka mche wa kwanza, akafyeka wa pili, na alipoliinua tena marehemu akaulalia wa tatu, jembe likamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, lakini mche ukapona.

Majira ya baridi ya mwaka uleule Hilarión alivuka mpaka kwenda Chicago kufanya kazi ya kuchinja nguruwe, akimwacha mkewe na watoto, akiwemo binti yake Obdulia, na aliposikia kwa simu kwamba kile kiazi cha mche wa tatu kimepewa jina lake, alisema, "Mwambieni jina langu ampe mbwa wake." Alifariki huko Januari 1988, na huko ndiko alikozikwa.

Kiazi kile kililisha bonde hili zaidi ya miaka ishirini, hakuna nyumba hapa ambayo haikukila, hadi mwaka 2014 kimelea kilipobadilika na seli zikashindwa kukitambua, ndipo marehemu, tayari mstaafu, alipogonga kwa Obdulia kuomba shamba, akajibiwa, "Shangazi, ulishakula moja la kwetu, inatosha," akaondoka bila kuaga.

Figo zilimlemea mwaka 2021, Obdulia huyohuyo akamchukua nyumbani kwake, akamwogesha na kumlisha huku akitukanwa kwa supu isiyo na chumvi, na siku moja alipomuuliza kama anajutia yale ya baba yake, marehemu alisema, "Ningefanya vilevile, ila kwanza ningeficha jembe," Obdulia akaendelea kumlisha, na hakusema naye tena hadi marehemu alipokata roho tarehe 3 Oktoba 2022, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Toluca waliovumilia ulimi wake, wenzake wa kituoni waliotuma maua, na majirani, hasa mliopita miaka mingi bila kumsalimia na leo mmebeba jeneza lake.

Eufrasia, pumzika sasa kwa amani, si sote tuliokusamehe, lakini sote tumekuja.