Keshi au Kadi? Kumuaga Kaz Wojtas wa Pampu Namba Mbili

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni, saa tisa alasiri, Casimir Wojtas anavua koti lake la buluu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo cha mafuta cha Iannuzzi, hapa Garfield, New Jersey. Sisi wenzake tunamwita Kaz, na wateja vilevile. Ni mkewe Halina tu anayemwita Casimir, na ukisikia hivyo ujue kuna kosa limefanyika.

Alikuja kwetu baada ya kiwanda cha vitambaa alichofanyia kazi kufungwa. Akakabidhiwa pampu namba mbili pamoja na mti, yaani ule mti mrefu wenye kikombe cha mpira nchani, wa kupandishia tarakimu za bei kwenye ubao wa barabarani.

Hapa dereva hashuki garini, maana sheria ya jimbo haimruhusu kujijazia mafuta, na kabla hujamjazia lazima umuulize: keshi au kadi? Kwa keshi, galoni hupungua senti kumi. Kaz ameuliza swali hilo mpaka Jumapili moja, kapu la sadaka lilipomfikia kanisani, likamtoka kwa sauti. Padre alicheka hadi akapoteza ukurasa.

Asijifanye malaika lakini. Kuna siku alipandisha sita kichwa chini, bei ikaruka senti thelathini. Asubuhi nzima halikuingia hata gari moja. Yeye akafagia uwanja wote huku akituuliza kama ni sikukuu.

Tunachomvulia kofia hasa ni ule ubao wetu wenye safu mbili za bei, ya keshi na ya kadi. Miaka kumi na mitano iliyopita kilifunguliwa kituo ng'ambo ya barabara. Wale wakatundika bei moja tu, kubwa kama mlango, na neno "keshi" chini yake kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Magari yakahamia huko. Tajiri wetu, Bwana Ralph Iannuzzi, akaona tutafunga kabla ya Pasaka na sisi wanne turudi nyumbani mikono mitupu. Akamwamuru Kaz ashushe safu ya kadi, ibaki ya keshi peke yake.

Kaz akaulaza mti juu ya meza ya tajiri.

"Bosi, mtu akifika na kadi yake, nitamtazamaje usoni?"

"Utamtazama kwa macho! Shusha!"

"Shusha mwenyewe."

Bwana Ralph akashusha mwenyewe. Tarakimu ya kwanza iliangukia kioo cha gari lake, lakini alimaliza.

Jumatatu yake akaja Yolanda Quiroz, mfua nguo wa hospitali, ametoka zamu, tangi limekauka. Alikuwa na kadi tu. Kaz alipomtajia bei ya kadi, dada wa watu aliutazama ubao. Kisha akasema, "Nimegeuza gari kwa ajili ya ile bei pale juu. Wale wa ng'ambo nimewazoea. Lakini wewe, Kaz?"

 Kaz alikata boksi la oili, akaandika bei ya kadi kwa tarakimu za kimo kilekile cha zile za ubaoni, na kila saa yake ya chakula akasimama nalo kando ya barabara. Ilikuwa Februari, theluji inamwagika. Tajiri hakumsemesha. Mimi nilimwambia, "Mzee, utatufukuzisha sote." Nilisema hivyo, na mpaka leo naona aibu.

Alisimama siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili Yolanda alirudi, na nyuma yake magari manne ya wafuaji wenzake, wote na kadi zao. Aliteremsha kioo akasema, "Jaza, Kaz. Hapa bei haijifichi."

Bwana Ralph alikuwa dirishani. Akatoka bila koti, mti mkononi.

"Chukua mti wako, mkaidi wee! Ukifa kwa baridi, Halina atanizika mimi."

Safu ya kadi ilirudi jioni ileile, na haijashuka tena. Hatukufunga Pasaka ile wala iliyofuata. Yolanda mwenyewe yuko hapa leo, ndiye aliyeleta keki.

Kaz, ahsante. Ahsante kwa kusimama pale wakati sisi tulikuwa ndani tunaota moto. Lala mpaka jua likuamshe, ukavue samaki, na Halina akikuita Casimir, itika haraka. Heri zetu zote ziende nawe.

Na ninyi wengine, mkitoka tazameni ubao. Asubuhi ya leo Bwana Ralph, na miaka yake sabini na minane, aliushika mti akakataa kusaidiwa. Alihangaika nusu saa. Safu ya keshi inasoma 31. Safu ya kadi inasoma 31. Dereva mmoja alisimama kuuliza hiyo ni bei ya nini.

"Si bei," Bwana Ralph akamwambia, macho yamemlowa. "Ni miaka ya Kaz. Keshi au kadi, haibadiliki."

Nirmal Sekhon, pampu namba tatu