Stoo Iliyoanzia Msibani

Mwiko ulikuwa unagonga sufuria. Niliusikia kabla sijaiona nyumba, maana ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba na hata njia niliyokuwa naikanyaga sikuiona. Nilikuwa natoka Malindi, hii ya huku kwetu milimani, kuosha karoti za watu, vidole vimekufa ganzi, mwanangu amelala mgongoni. Nikasema moyoni, asante Yesu, leo mama anasonga ugali. Nikakaza mwendo.

Nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, amepakata sufuria kama mtoto, mwiko uko mkononi. Ndani ya sufuria hamkuwa na kitu, hata maji. Alikuwa anagonga ili majirani wasikie kwamba nyumba yetu inapika. Aliponiona hakuacha. Alinitazama tu, akaendelea.

Ndugu zangu, jina la Bwana aliyetufikisha asubuhi hii lisifiwe. Nimeanza na sauti hiyo kwa sababu kila nikisimama kushuhudia, ndiyo inayonitangulia. Wote mnaijua stoo ya chakula ya mtaa wetu. Wengine mmekula kutoka mle, wengine mmelisha watu kutoka mle, na wengi mmefanya yote mawili. Leo nataka mjue ilikotoka. Sitasema maneno matamu. Mungu aliyeniokoa hakuuogopa uchungu wangu, nanyi msiuogope.

Tulikuwa na bustani bondeni, kabichi na karoti, na hoho upande wa chini. Mama aliilima tangu ujana wake, na ndiyo iliyonisomesha. Masika yale mlima ulikatika juu yetu. Asubuhi tulikuta udongo mwekundu na mawe, na mto umehamia palipokuwa na matuta. Mama alisimama pale akitafuta kwa macho mahali jembe lake lilipokuwa limeegemezwa. Mahali penyewe hapakuwepo.

Usharika ulituletea unga. Lazima niseme kweli mbele za Mungu: mlitusaidia mapema, na mama alishukuru. Tena alishukuru kwa namna yake. Tulikuwa tumebakiwa na kuku wawili. Jumapili iliyofuata akachukua mayai manne, akayafunga kwenye leso safi, akayapeleka madhabahuni kama sadaka. Nilimwambia, mama, mtoto angeyala hayo. Akanijibu kwa Kishambaa kwamba mtu asiyetoa hata yai moja huyo ndiye maskini, na yeye bado hajafika huko.

Mnajua desturi yetu. Sadaka za mazao tunaziuza kwa mnada, ibada ikiisha. Tunatoka nje, mzee wa mnada anasimama kwenye ngazi, anainua mkungu wa ndizi, anainua jogoo, anainua boga, na watu wanashindana bei huku wakicheka. Mzee wetu wa siku zile alikuwa na ulimi. Alikuwa anakohoa kidogo kabla ya kutania, na watu walianza kucheka kwenye kile kikohozi, kabla hata hajasema neno. Angeweza kuuza kitunguu kimoja mkakigombania kama mbuzi.

Akainua leso ya mama. Akakohoa.

"Haya, mayai ya nyumba tunayoilisha sisi," akasema. "Unga wetu umepita kwa kuku, sasa unarudi kanisani. Nani anataka kuununua unga wake mara ya pili?"

Mlicheka, ndugu zangu. Siwahukumu, wengine mlicheka kwa mazoea. Lakini mlicheka, na sauti ile ilifika mpaka kwenye miti ya mapeasi nyuma ya kanisa ikarudi. Na mama yangu alicheka pia. Hilo ndilo ninaloota mpaka leo. Alicheka akiwa ameshika ncha ya khanga yake, akitazama huku na huku aone kama amecheka vya kutosha.

Tulipofika nyumbani akaufunga unga uliobaki kwenye khanga, fundo juu ya fundo, akaubana kwa viganja vyote viwili, akaurudisha kwa watu wa kanisa waliouleta. Jioni akaniambia, "Sitakula tena chakula chenye mdomo." Na akaniapisha nisipokee kitu cha mtu.

Kuanzia hapo ndipo ule mwiko ulipoanza kugonga. Nilichopata kwa kuosha karoti kilikuwa cha mtu mmoja na nusu, na sisi tulikuwa watatu. Alikuwa anasema amekula mchana. Alikuwa anasema viazi vinamjaza tumbo gesi. Sehemu yake ilikuwa inaishia kwenye sahani ya mjukuu wake, na mimi nikigeuka kuitazama alikuwa tayari anafuta mdomo kama aliyeshiba. Baridi ya Juni ikamkuta hivyo, mwepesi kama kuni kavu. Hospitali walisema ni kifua. Sikubishana nao. Baridi haikuisha naye akiwa hai.

Ndugu zangu, sasa nawaambia mahali nilipotaka kumwacha Mungu. Haikuwa kaburini. Ilikuwa kwenye chumba cha mama, siku ya msiba.

Mlikuja. Kama ilivyo kwetu, mlikuja na mikono imejaa. Maharage yalikuja kwa debe, viazi kwa gunia, mahindi, magimbi, mafuta, sukari, kabichi ambazo zilipangwa ukutani mpaka dirishani. Jamaa zetu wa Rangwi wakashusha ndizi kwenye gari. Wanaume walilazimika kutoa kitanda cha marehemu nje ili chakula kipate nafasi. Nikasimama mlangoni nikitazama, na nilichokuwa nasikia ni mwiko tu. Mwanamke aliyekufa akijinyima, msiba wake ulikifukuza hata kitanda chake kwa wingi wa chakula. Nikamwambia Mungu, kama hii ndiyo namna yako ya kulisha watu, basi mimi na wewe hatujuani.

Mzee wa mnada alikuja pia, amevaa koti lake jeusi, akanipa mkono wa pole. Sikumwamkia. Mnajua maana yake huku kwetu, mtoto wa mtu kumnyima mzee shikamoo mbele ya watu. Nilimnyima siku ile, na nikaendelea kumnyima njiani, sokoni, na hapa hapa kanisani. Wazee walinisema. Niliwaacha waseme.

Aliyenisaidia siku ile hakuwa mtu wa kanisa letu. Alikuwa jirani yetu, Bi Mwanaidi, mjane, Mwislamu wa swala tano, aliyekuja na masufuria makubwa na wenzake wa msikitini kutupikia wageni. Aliingia kwenye chumba kile, akatazama, akashika kiuno.

"Chakula hiki chote," akauliza, "wiki iliyopita kilikuwa wapi?"

Mwanamke mmoja akasema polepole kwamba hawakujua. Bi Mwanaidi akasema yeye je, ukuta wake na wa marehemu ni mmoja, na kila jioni alikuwa anasikia sufuria, akajua wanapika, akalala. Kisha akakaa chini juu ya gunia la viazi akalia, na sisi tukalia naye.

Matanga yalipoanuliwa, wanawake wakataka kugawana kilichobaki, kama ilivyo kawaida. Bi Mwanaidi akakataa. Alisema kimeletwa kwa ajili ya marehemu na ni cha marehemu, na watakaokula ni walio kama yeye. Akafungua chumba ambacho mumewe alikuwa akiweka mbegu za viazi, tukahamishia humo kila kitu. Hivyo ndivyo stoo ilivyoanza, ndugu zangu. Haikuanza kwa kikao wala kwa mfadhili. Ilianza kwa mabaki ya msiba wa mama yangu.

Sheria yake mnaijua, ila huenda hamjui kwa nini iko hivyo. Kila anayekuja anakuja na kikapu kilichofunikwa. Anaingia mmoja, mlango unafungwa. Anayekuja kuchukua anajaza majani ya ng'ombe chini ya kitambaa, ili asionekane amebeba kikapu kitupu; mle ndani anayamwaga na kujaza chakula. Anayekuja kuleta anaacha alicholeta na kuondoka na majani hayo hayo. Walio kwenye benchi la nje wanaona vikapu vizito vikiingia na vikapu vizito vikitoka. Hatuandiki jina. Mchungaji alipouliza ni akina nani wanaosaidiwa ili awaombee, Bi Mwanaidi alimwambia awaombee wote wenye vikapu. Majani yanayozidi anakula ng'ombe wake, na tunamtania kwamba katika mtaa mzima aliyenenepa kwa stoo ni yule ng'ombe.

Na chakula hakijawahi kukatika. Bei ya kabichi ikianguka na malori yasipopanda, watu wanaleta badala ya kuacha zioze shambani. Wakati wa maharage mapya, debe halitulii. Nikiwa jikoni kwangu nasikia yakimiminwa upande wa pili wa ukuta, nami nasimama kidogo. Ni sauti nzuri. Lakini kila ninapoisikia nahesabu kwamba imechelewa.

Bi Mwanaidi aliniomba nisimamie mlango. Nilikubali, na watu wakasema, tazameni, Bwana amemponya. Hapana. Nawaambia leo kwa nini nilikubali. Nilijua milima hii. Hapa mvua moja inatosha kumgeuza mtoaji kuwa mpokeaji. Nilijua ipo siku mzee wa mnada angesimama mbele yangu na kikapu, mlango ukiwa wazi, benchi limejaa watu. Maneno nilikuwa nayo tayari, yale yale ya kwake. Nilikuwa nayafanyia mazoezi nikiosha karoti, mpaka na kile kikohozi. Niliomba ije siku hiyo. Ndugu zangu, nilifunga na kuomba kwa ajili yake. Kuna watu wamefungwa na pombe, wamefungwa na uchawi. Mimi nilifungwa na mzaha mmoja.

Na siku ikaja. Yeye mwenyewe ameniruhusu niwaambie kwamba alikuja. Msiniulize alileta au alichukua. Hata yeye akiwaambia, mimi sijasema.

Ilikuwa mchana, jua limetoka baada ya manyunyu. Benchi lilikuwa limejaa. Alikuja akipanda taratibu, kikapu mkononi, kimefunikwa kwa khanga. Mlangoni akasimama kupumua, akakohoa. Watu kwenye benchi wakaanza kucheka, kwa mazoea, wakisubiri mzaha. Mzaha haukuja. Alikuwa anakohoa tu, kama mzee yeyote.

Mlango ulikuwa wazi. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno yangu. Ndipo upepo ukainua ncha ya ile khanga, naye akaibana haraka kwa viganja vyote viwili.

Viganja vyote viwili, ndugu zangu. Namna mama yangu alivyoubana unga siku ile. Woga ule ule.

Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikupata joto mwilini kama wengine wanavyoshuhudia. Nilisikia tu kwamba mwiko umenyamaza. Tangu siku ya ukungu ulikuwa haujanyamaza kichwani mwangu, na sasa palikuwa kimya, na katika kimya kile nilisikia mdomo wangu ukisema, "Shikamoo, baba."

Akaniinulia macho. "Marahaba, mwanangu."

Nikamwingiza, nikafunga mlango.

Kwa hiyo nikiwaambia Bwana ameniokoa, mjue ameniokoa na nini. Hakunirudishia mama. Hakunirudishia bustani yetu ya bondeni. Sijamsamehe yule mzee kwa ukamilifu. Kuna asubuhi naamka na ninaanza upya kabisa. Lakini alichukua maneno yale kutoka kinywani mwangu, na mimi peke yangu nisingeweza. Namshukuru. Namshukuru huku nimekunja uso, lakini namshukuru. Na wewe utakayegonga sufuria tupu jioni ya leo ili tusikie, mwamini yeye, kisha utuamini na sisi kidogo, ingawa hatujastahili. Kata majani. Funika kikapu. Njoo.

Mle ndani tulifanya kilichotakiwa kufanywa, mimi na yeye, bila maneno. Alipomaliza hakuondoka. Alisimama akitazama sakafu ya udongo, khanga mkononi, kikapu kiko wazi.

"Yale mayai, mwanangu," akasema. "Yale mayai ya mama yako."

Hakuwa na zaidi ya hapo. Yule mtu wa maneno mengi, na nje watu walikuwa wanapiga soga wakisubiri zamu.

"Funika kikapu chako, baba," nikamwambia.

Akakifunika. Nikamsaidia kuingiza ncha ya khanga upande ambao mkono wake haukufika. Nikafungua, akatoka juani na kikapu chake kizito kama vikapu vya watu wote, nami nikafunga mlango nyuma yake.