Mjukuu Wangu na Yule Mzee Mwingine

Mwangaluka, ndugu zangu. Wanachuo, marahaba, marahaba, nimewasikia mpaka wa nyuma huko. Nimesimama kwa goti moja zima. Lingine lilibaki Geita, duarani, kwenye shimo la dhahabu, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Mimi nilikuwa mlevi wa gongo. Nilianzia machimboni, nikaja nayo hapa Kahama kama mtu anavyokuja na mke. Mke wangu mwenyewe alirudi kwao Samuye, wala simlaumu. Nikabaki na mjukuu wangu wa kike, anasoma hapa hapa chuoni. Kila Jumamosi alikuja kwangu. "Mume wangu, umekula?" Namjibu, "Mke gani huyu anakuja bila nyama?" Babu na mjukuu ndivyo tunavyotaniana, mnajua. Nawaambia, wiki nzima niliishi kwa ajili ya utani huo.

Jumamosi moja hakuja. Iliyofuata, hakuja. Nikaulizauliza. Kumbe kuna mzee anakuja chuoni kila Jumamosi kuwafundisha vijana habari za pombe, na mjukuu wangu ndiye msaidizi wake. Na mzee mwenyewe namfahamu! Tulichimba duara moja, tukalewa kopo moja, yeye akaacha kabla yangu. Simtaji jina. Nikasikia na yeye anaitwa "mume wangu".

Jamani, wivu! Wivu wa mke naujua, huu uliupita. Chakula hakishuki. Nikimwona barabarani na shati lake limepigwa pasi, natema mate.

Basi nikaja humu ukumbini, nimelewa. Nikamkuta anawaambia vijana, "Anayekunywa ale kwanza, asinywe peke yake. Na mwenzenu akizima kwa pombe, msimfiche kwa kuogopa uongozi." Nikapaza sauti: "Mlevi huyo anawafundisha nini? Aliyezima anamiminiwa maziwa, basi! Sisi watu wa ng'ombe tunajua." Kweli kwetu wengi tunafanya hivyo, tunasema maziwa yanakata pombe. Akanijibu taratibu, "Kaka, aliyezima hamezi. Yatamwingia mapafuni. Mlaze ubavu, kaa naye, ita msaada." Vijana wakaandika. Mjukuu wangu naye akaandika! Maneno ya yule, si yangu.

Nikatoka mpaka kilabuni, nyuma ya chuo pale, nikanywa kwa hasira, tumboni hamna kitu. Nikazima. Kuanzia hapo nasimulia nilichoambiwa. Walevi wenzangu wameninyanyua kichwa, jagi la maziwa liko mdomoni. Mama muuza pombe akaingiwa na hofu, akakimbia chuoni kuita watu. Akaja yule mzee na mjukuu wangu, wakalisukuma jagi, wakanilaza ubavu, nikatapika hapo hapo. Yule mzee ndiye aliyenishika kichwa kwenye bajaji hadi hospitali. Hata hilo nilipoambiwa liliniuma: kwa nini awe yeye?

Nilipozinduka, mjukuu wangu ameketi pembeni ya kitanda. Nikamtania, "Mke wangu, umerudi kwa mumeo?" Hakucheka.

"Babu, leo sina utani. Kule kwa yule mzee niliingia kwa ajili yako. Nilitaka kujua nifanye nini siku ukizima."

Nikageukia ukutani, ndugu zangu. Nikalia mpaka wagonjwa wengine wakadhani nimefiwa.

Sikuacha siku ile, siwadanganyi. Daktari alisema mlevi wa miaka mingi asikate ghafla peke yake, mwili unaweza kumgeuka ukamuua. Nikasimamiwa, nikapunguziwa, nikapewa dawa. Leo siinywi.

Wabeja, asante, mama wa kilabu, ulikimbia na kandambili moja. Wabeja, wauguzi. Wabeja na wewe mzee mwenzangu, unachekelea mstari wa pili hapo. Bado nakuonea wivu, tena leo zaidi, maana mjukuu wangu amekaa karibu yako.

Na nyie vijana, aliyezima msimmiminie kitu, msimwache. Hilo amewafundisha yeye. La kwangu ni moja: mtu wenu akianza kukaa na mwingine, msikimbilie chupa. Muulizeni anatafuta nini kule. Mimi ningeuliza, ningejua alikuwa ananitafutia uhai.